Kamari ya Mpira Ukambani na Sinema Inayoweza Kuisimulia

Katika masoko madogo ya Kitui na Makueni, tangu Kyuso na Mwingi upande wa kaskazini hadi Kibwezi na Mtito Andei kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, kuna nyumba ya aina moja ambayo msafiri hupita mlangoni pake asiitie maanani: chumba cha mabati chenye mabenchi, pazia zito la kuzuia jua, na televisheni iliyotundikwa juu ukutani. Siku za kazi nyumba hiyo huonyesha sinema za Marekani, China na Uhindi zikisimuliwa kwa Kiswahili cha mitaani na DJ Afro, msimulizi ambaye sauti yake vijana wengi wa Kenya waliijua kabla ya kuyajua majina ya waigizaji wenyewe. Na ifikapo Jumamosi alasiri nyumba hiyo hiyo hugeuka kuwa uwanja wa Ligi Kuu ya Uingereza, watazamaji wakiwa wamelipa kiingilio, kila mmoja simu mkononi, na ndani ya simu nyingi mna mkeka, yaani orodha ya mechi zilizobashiriwa pamoja, uliosukwa asubuhi kwa fedha ambazo pengine zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi nyingine. Sanaa ya hadithi na biashara ya kamari zimelala chini ya paa moja kwa miaka kumi na zaidi, na bado hadithi zinazoonyeshwa humo Jumanne hazimhusu hata kidogo mtu anayepoteza fedha humo Jumamosi. Muradi wa makala haya ni kuliangalia swali hilo kwa mapana yake: filamu ya tamthilia juu ya kamari ya mpira na uraibu wake, ikikusudiwa watu wa Kitui na Makueni na ikitaka kuwa ya kweli, itazame nini, iache nini, na igharimiwe na nani.

Sinema za ulimwengu hazikumpuuza mcheza kamari. Mwaka 1963 Mfaransa Jacques Demy alimweka Jeanne Moreau mbele ya meza za ruleti katika miji ya pwani ya kusini ya nchi yake, katika filamu iitwayo La Baie des anges. Mwaka 1974 Karel Reisz akatengeneza The Gambler, yenye habari za mwalimu wa chuo kikuu mjini New York aliyepewa fedha na mamaye ili alipe deni la kamari, naye akazichukua akaenda kucheza nazo. Na mwaka 2019 ndugu wawili wa ukoo wa Safdie wakatoa Uncut Gems, ambamo mfanyabiashara wa vito anaweka riziki, nyumba na uhai wake juu ya mpira wa kikapu. Lakini iliyo bora kupita zote, kwa nadhari yangu, ni Owning Mahowny ya mwaka 2003, iliyotungwa kwa kisa cha kweli cha afisa wa benki mjini Toronto ambaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alichota zaidi ya dola milioni 10 za mwajiri wake akazimaliza kamarini. Philip Seymour Hoffman, anayemwigiza mtu huyo, halewi, hajipambi, hatafuti wanawake, wala hafurahi anaposhinda. Hucheza kama mtu anavyopumua, na mtazamaji akiondoka hapo amekwisha kuelewa jambo ambalo mahubiri mia hayakuweza kumfahamisha, ya kuwa uraibu wa kamari si tamaa ya fedha, maana fedha ikipatikana hurudishwa mezani papo hapo, bali ni hali ya nafsi isiyostahimili kusimama.

Hata hivyo atakayeziiga filamu hizo kwa ajili ya Ukambani atapotea njia mapema, kwa sababu zote zina kitu ambacho Wote na Mutomo hawana, yaani mahali pa kwenda. Mcheza kamari wa Nisi au wa Las Vegas huvaa, hutoka, hufungua mlango, hukaa mezani mbele ya macho ya watu, na kila hatua ya hizo ni tendo linaloweza kupigwa picha. Ilhali kijana wa Kathonzweni hucheza akiwa chini ya mwembe, akiwa kwenye foleni ya maji, akiwa kanisani katikati ya hotuba, au usiku wa manane chini ya blanketi, mkewe amelala ubavuni mwake. Huvunja nyumba yake kwa kidole gumba, wala hakuna mlango uliofunguliwa wala mtu aliyemwona akiingia. Hilo ndilo fumbo la kwanza la ufundi kwa mtengenezaji filamu wetu, kwamba tendo kuu la hadithi yake halionekani. Na ufumbuzi wake, kama nitakavyoeleza, hauko katika simu bali katika nyumba.

Yafaa kwanza tujue jinsi jambo lenyewe lilivyofika. Sheria ya kamari ya Kenya, Sura ya 131, ilitungwa mwaka 1966, wakati kamari ilipokuwa shughuli ya watu wachache wa mijini, katika kasino na viwanja vya mbio za farasi, na mkulima wa Ikutha hakuihitaji wala haikumhitaji. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, neema kubwa isiyokanushika, iliyomwezesha kibarua wa Nairobi kumtumia mama yake wa Zombe fedha kabla jua halijatua. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, mkopo ndani ya simu. Mwaka 2014 kampuni ya kamari ya SportPesa ikafungua biashara yake nchini, na nyingine nyingi zikafuata nyuma yake. Na mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomruhusu mtu kulipa fedha asizokuwa nazo. Kila moja ya hizo ilikuja peke yake na kwa madhumuni yake, lakini zilipokutana katika chombo kimoja kilichomo mfukoni zilimtengenezea mtu njia moja iliyonyooka kutoka mshahara hadi dau, na kutoka dau hadi deni, pasipo kituo cha kupumzikia wala jirani wa kumuuliza habari. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017 ulikuta kwamba asilimia 76 ya vijana waliohojiwa Kenya walikuwa wamepata kucheza kamari. Mwezi Mei wa mwaka huo huo mtu mmoja alishinda jakpoti ya zaidi ya shilingi milioni 221, akaonyeshwa katika kila gazeti, na mwezi Julai klabu ya Everton ya Uingereza, imevaa jina la kampuni ya kamari ya Kenya kifuani, ikacheza na Gor Mahia mjini Dar es Salaam mbele ya umati mkubwa. Haikuwapo filamu iliyoweza kushindana na hadithi hizo mbili kwa nguvu ya kuvuta mioyo, na zote mbili zilikuwa za kweli.

Lakini ukweli wa mshindi mmoja si ukweli wa mchezo, na hapa sina budi kuingia katika hesabu, kwa maana tamthilia isiyoijua hesabu ya jambo lake itamlaumu asiyestahili. Mechi moja ina matokeo matatu: kushinda wenyeji, kushinda wageni, au sare. Jakpoti ya mechi 17 kwa hiyo ina njia 129,140,163 za kujazwa, na mtu ambaye angetaka kuzijaza zote kwa shilingi 100 kila moja angehitaji karibu shilingi bilioni 13. Ni kweli kwamba timu hazilingani nguvu na mjuzi wa mpira hupunguza njia hizo kwa maarifa yake, lakini maarifa hayo hayo ndiyo yanayomponza katika mikeka midogo ya kila siku, kwa kuwa kampuni nayo inayajua, imekwisha kuyatia katika bei, na imejikatia chake kabla mpira haujapigwa. Tuchukue kwa mfano kwamba kampuni imejikatia asilimia 6 tu katika kila mechi. Mkeka wa mechi moja, ukichezwa mara nyingi, utamrudishia mchezaji kwa wastani shilingi 94 katika kila 100; mkeka wa mechi tano utamrudishia 73; na ule wa mechi kumi, ambao ndio kijana huupenda kwa sababu dau dogo huahidi fedha nyingi, utamrudishia 54. Hasara haijumlishwi, huzidishwa. Anayesuka mkeka mrefu anadhani anaongeza matumaini, kumbe anaongeza idadi ya mara atakazokatwa.

Kuna hila nyingine ndani ya mkeka mrefu, nayo ni ya nafsi zaidi kuliko ya hesabu. Mechi tisa zikitimia na ya kumi ikiuchana mkeka katika dakika ya mwisho, mchezaji hajihisi kuwa ameshindwa. Hujihisi kuwa alikaribia kushinda, naye hulisimulia tukio hilo juma zima kwa fahari ya mtu aliyegusa kitu kwa ncha za vidole, ijapokuwa mfukoni mwake hamna tofauti yoyote kati yake na aliyekosa zote kumi. Wataalamu wa nafsi wamechunguza hali hiyo ya nusura na kuona kwamba huchochea hamu ya kuendelea karibu sawa na ushindi wenyewe. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilikwisha kuutia uraibu wa kamari katika orodha ya maradhi mwaka 1980, na mwaka 2013 kikauhamishia kwenye fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, kwa kuwa alama zake ni zile zile: kuongeza kipimo ili kupata ladha ya zamani, kufadhaika unapokatazwa, kusema uongo, na kuirudia hasara kwa nia ya kuifuta. Alama hiyo ya mwisho ndiyo uti wa mgongo wa tamthilia, kwani mtu anayefukuza alichopoteza ana nia njema kabisa. Anataka kuirudisha karo ya mtoto mahali pake kabla haijaulizwa. Anayemwandika mtu huyo kama mwovu hajamfahamu.

Sasa niseme lile ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo, na ambalo husahauliwa na kila anayewahubiria vijana wa Ukambani kwamba wamekuwa wapenda bahati. Hii ni nchi ambayo watu wake wameishi na hatari tangu kale na kuifanyia kazi kwa ustadi. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa, mwendo wa siku nyingi katika nyika yenye kiu na maadui, na Kivoi, tajiri mashuhuri wa Kitui aliyemkaribisha mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, aliuawa mwaka 1851 safarini karibu na mto Tana. Mvua za hapa huja mara mbili kwa mwaka, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndizo za kutumainiwa zaidi, lakini hata hizo hukhalifu. Mkulima hupanda ndengu, kunde na mbaazi katika ardhi ambayo haijalowa, akitazama mbinguni. Mtu wa mbali angeweza kusema kwamba huyo naye amebeti. Angekosea sana. Mkulima huyo amechanganya mbegu zikomaazo kwa nyakati mbalimbali ili moja ikifa nyingine ipone. Amechimba matuta ya fanya juu yanayoshika maji ya mvua chache. Amefuga mbuzi wa kuuza mwaka mbaya. Amejiunga na mwethya, ule ushirika wa majirani wa kulimiana na kujengeana, ambao huigawanya hasara ya mmoja mabegani mwa wengi. Mary Tiffen na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1994 juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, walionyesha jinsi watu wa vilima hivyo walivyoongezeka maradufu na zaidi huku mmomonyoko wa ardhi ukipungua badala ya kuzidi, jambo ambalo maafisa wa kikoloni walilitabiria kinyume. Hayo ni matunda ya kazi iliyoikabili bahati na kuipunguza nguvu.

Basi tofauti kati ya shamba na mkeka ni kwamba katika shamba, jembe la mtu hubadilisha matokeo, na katika mkeka hakuna jasho liwezalo kubadilisha lolote. Kamari imeingia Ukambani kwa kuvaa nguo za fadhila za kale za mahali hapa, yaani subira, uvumilivu wa hasara, na imani kwamba msimu ujao utakuwa mwema. Imezichukua fadhila zilizowaokoa watu na ukame na kuzielekeza mahali ambapo msimu mwema haupo. Mtu aliyelelewa kutokata tamaa baada ya vuli mbili mbaya atapoteza mara mia asikate tamaa. Filamu itakayoliona hilo itakuwa imeona kitu ambacho Uncut Gems, pamoja na umahiri wake wote, haikuwa na sababu ya kukiona, nayo itamlilia mtu wake kama watu wanavyomlilia jasiri aliyepelekwa katika vita visivyo vyake.

Nilisema kwamba ufumbuzi wa fumbo la simu uko katika nyumba. Tamthilia ya kamari hapa haimo katika kucheza. Imo katika vitu vinavyotoweka. Ndengu zimeuzwa na mume ametaja bei iliyo chini ya bei ya soko, na mke, ambaye jirani yake ameuza siku ile ile kwa mfanyabiashara yule yule, ananyamaza na kuhesabu moyoni. Mbuzi mmoja amepotea na hakuna aliyesikia fisi. Mwekahazina wa chama anaomba mkutano uahirishwe, kisha anaomba tena. Mwendeshaji bodaboda wa Emali hana fedha za jioni za kumkabidhi mwenye pikipiki, na hadithi ya gurudumu lililotoboka anaisimulia kwa ufasaha wa kutisha, maana kila mraibu huwa mtunzi hodari wa hadithi. Mwanafunzi amerudishwa nyumbani kwa karo ambayo babaye anaapa ilikwisha kulipwa. Matendo haya yote yanaonekana, yanapigika picha, na yana sauti. Na mtu anayeyabeba katika hadithi aghalabu si mcheza kamari, bali ni yule anayegundua. Kwa hiyo ningempa usukani wa filamu mwanamke, mke au mama au dada mkubwa, ambaye anaufuatilia ukweli hatua kwa hatua kama kadhi anayesikiliza shauri, huku akitamani kwa moyo wote kwamba asiufikie.

Uzito wa siri hiyo unazidishwa na aibu. Katika nchi ambamo Africa Inland Mission iliweka kituo chake cha kwanza, huko Nzaui, mwaka 1895, na ambamo kanisa lingali ndilo baraza kubwa la jamii, kamari imefundishwa kuwa dhambi, kama vile Waislamu wa mji wa Kitui na wa Makindu walivyofundishwa kwamba maisiri ni haramu. Na mafundisho hayo, ambayo sina ugomvi nayo, yana athari moja isiyokusudiwa, kwamba mgonjwa huficha ugonjwa wake hadi umekomaa. Anayekohoa huenda zahanati, na anayecheza hujifungia. Tena kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hata Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba mwezi Januari 2025. Kwa hiyo aliyefikishwa na madeni ukingoni mwa kukata tamaa alijua kwamba akisema atashtakiwa. Filamu isimalizie hadithi yake kwa kitanzi. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu ndio mwisho unaomjia kila mwandishi upesi, na kifo cha namna hiyo kikionyeshwa kama hitimisho la haki, kumbuka kwamba aliyekaa benchi la mbele huenda ana deni lile lile.

Wala isimalizie kwa toba ya ghafla. Afrika ya Mashariki ina historia ndefu ya sinema za mawaidha, na yafaa tuikumbuke. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Mwingereza Notcutt aliongoza jaribio lililogharimiwa na wakfu wa Carnegie wa Marekani, ambamo zilitengenezwa filamu 35 za kuwafunza Waafrika juu ya minyoo, malaria, kodi na kilimo, zikazungushwa kwa lori mjini na vijijini. Na mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta, ikiwa na mtu anayefukia fedha zake ardhini zikaibwa, na mwenzake mwerevu anayeziweka benki. Mpango wa hadithi hiyo, yaani mjinga upande huu na mwerevu upande ule, umeendelea kutawala filamu za mashirika na za wizara hadi leo, na udhaifu wake ni kwamba mtazamaji hujiweka mwenyewe, bila kusita, upande wa mwerevu. Mcheza kamari akionyeshwa mjinga atacheka pamoja na wengine, kwa kuwa yeye hajioni mjinga. Yeye anajua majina ya mabeki wa akiba wa Brighton. Anahitaji kuonyeshwa mtu mwenye akili, mchapa kazi, mpenda watoto, aliyeshindwa na kitu kilichotengenezwa makusudi na watu wenye akili kumzidi, wakiwa na hesabu mezani. Hapo ndipo atakaponyamaza.

Juu ya lugha sitasema mengi. Country Queen, tamthilia ya mwaka 2022 iliyokuwa ya kwanza ya Kenya kutolewa na Netflix kama mfululizo wake, ilikwisha kuthibitisha kwamba Kikamba, Kiswahili na Sheng vinaweza kukaa katika kinywa cha mhusika mmoja pasipo kumchosha mtazamaji, na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ikathibitisha kwamba kijiji kizima kinaweza kuwa mhusika. Mke na mume wa Tawa wagombane kwa Kikamba. Mtangazaji wa mpira na ujumbe wa kampuni vije kwa lugha zao. Na matangazo yale ya kushawishi, yenye muziki na vicheko, yasikike nyuma ya kila onyesho la huzuni bila kufafanuliwa.

Serikali nayo imo katika hadithi hii, na filamu ya kweli haitaiacha nje. Mwaka 2018 ilianza kudai asilimia 35 ya mapato ya kampuni, SportPesa ikaondoa mara moja ufadhili wake wa michezo ya Kenya, na kabla mwaka haujaisha kodi ikashushwa hadi 15. Mwaka 2019 waziri Fred Matiang'i akazinyima leseni kampuni 27, na SportPesa na Betin zikafunga, lakini mwaka uliofuata jina la SportPesa likarudi sokoni. Ushuru wa dau ukawekwa asilimia 20, ukafutwa, ukarudishwa 7.5, ukapandishwa 12.5, kisha 15, na mwaka 2025 ukageuzwa kuwa asilimia 5 ya fedha zinazoingizwa kuchezewa. Mashine za kutumbukiza sarafu za shilingi 20, zilizosambaa hadi vibandani vijijini, zikawa zinakamatwa na kuchomwa hadharani na machifu, kisha zinaonekana tena. Mwezi Agosti 2025 ile sheria ya 1966 hatimaye ikaondolewa na kuwekwa Sheria ya Kudhibiti Kamari yenye mamlaka mpya. Katika miaka hiyo yote dola imekuwa na mkono mmoja unaokemea na mwingine unaopokea, na kadiri mapato yake yanavyotegemea madau, ndivyo inavyokuwa vigumu kwake kutamani kwa dhati kwamba madau yapungue.

Lakini kaunti zina nafasi iliyo tofauti, na nashangaa kwamba haijatumiwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, fungu la nne, linazikabidhi serikali za kaunti kazi za utamaduni na burudani za umma, na katika orodha ya fungu hilo moja zimetajwa kamari na kasino, na mistari michache baadaye sinema, maonyesho ya video, maktaba na michezo. Walioandika katiba waliziweka pamoja, chini ya mamlaka moja iliyo karibu na watu. Kitui, yenye watu 1,136,187 kwa hesabu ya 2019, na Makueni, yenye watu 987,653, zina mabunge yao, wizara zao za utamaduni na vijana, na leseni zao za kutoza. Makueni imejijengea sifa nchini kote, tangu siku za gavana Kivutha Kibwana, kwa kuwashirikisha wanakijiji katika kupanga matumizi ya fedha. Na Kitui, iliyothubutu chini ya Charity Ngilu kuanzisha kiwanda cha kushona nguo pale Syongila, haiwezi kusema kwamba uzalishaji ni kazi ya wengine. Gharama ya filamu moja ya adabu, ikitengenezwa na waandishi na waigizaji wa Ukambani wenyewe, ni ndogo ikilinganishwa na karo, mbuzi na akiba za vyama zinazopotea katika msimu mmoja wa ligi, na leseni ya nyumba ya video inaweza kuwekewa sharti la kuionyesha.

Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, makadirio ya kaunti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili ya kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikizwa kabla hayajapitishwa. Wewe usomaye haya, ikiwa kwenu ni Mwingi au Mutitu, Nunguni au Kibwezi, usiache mkutano huo upite. Nenda ukasimame, utaje filamu hiyo kwa jina la kazi yake, na uulize imetengewa shilingi ngapi.